Kifaa cha mgongoni

Binti yangu ameletewa na shangazi yake kifaa kidogo cha kubandika mgongoni, chini kidogo ya shingo. Kina kihisi kinachopima mwinamo. Akijikunja muda mrefu, kinatetemeka. Jioni hapa Nyakato anafanya hesabu, kidevu karibu kiguse daftari, mara mabega hayo yanarudi nyuma, na mimi sijasema neno. Nimefurahi mno! Ila kinakumbusha tu, misuli hakijengi. Hiyo ni kazi ya rede na kuruka kamba, waacheni wacheze. Halafu mabegi, jamani: wataalamu wengi wanashauri yasizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 30, mwisho kilo 4 na nusu. Yapimeni, hata kwa mizani ya muuza dagaa pale Mwaloni.