Kipimakasi cha mshale: kosa lilikuwa kwenye rula

Kwa muda mrefu nimetaka kujua jambo moja tu: mshale wangu unakwenda kwa kasi gani ukishaacha upote, yaani kamba ya upinde? Upinde unahitaji nguvu ya ratili 36 kuuvuta, mshale una gramu 25. Bila kujua kasi, kila nikibadilisha upote au manyoya ninakisia tu.

Vipimakasi vingi vinavyouzwa vimetengenezewa wenye bunduki wanaojaza risasi wenyewe, wanaotaka kujua kama kipimo kimoja cha baruti kinatoa kasi ileile kila mara. Vya sumaku hufungwa kwenye mtutu, kwa hiyo havinifai. Vya rada ni vizuri sana, unakiweka kando na hakuna kinachokigusa, lakini bei yake inapita ya upinde na mishale yangu yote. Vya macho ndivyo rahisi: sensa (vihisi) mbili zinaona kivuli kikipita juu yake. Shida yake ni kutegemea mwanga wa mbingu, na mbingu yetu wakati wa kusi ni jua sasa hivi, wingu dakika ijayo. Ukikimbilia ndani, baadhi ya taa za umeme wa hezi 50 humeta mara 100 kwa sekunde, na sensa huweza kudhani mshale umepita.

Nikaamua kujitengenezea cha macho chenye mwanga wake: fremu mbili za mbao zilizoachana sentimita 30, kila moja na safu ya taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) juu na sensa chini, zimezamishwa ndani ya vipande vya paipu ili jua lisizifikie. Saa ni Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta. Wiki ya pili miguu ya sensa ilishaota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, nikaipaka vanishi ya kucha.

Saa ndiyo iliyoninyima usingizi. Uno huhesabu kwa hatua za maikrosekunde 4, nikahofia ni hatua kubwa mno. Nikapiga hesabu. Risasi ya mita 800 kwa sekunde huvuka sentimita 30 kwa maikrosekunde 375, basi hatua moja ni kosa la asilimia 1 hivi. Mshale wangu huchukua zaidi ya 5,000. Kwangu mimi saa ile ni zaidi ya ninavyohitaji.

Jumamosi, nyuma ya nyumba ya shangazi, Kisauni, Mombasa, mishale kumi ilinipa wastani wa mita 53.1 kwa sekunde. Nilifurahi, lakini sikutaka kuuamini mtambo nilioutengeneza mwenyewe bila shahidi. Shahidi nikamtoa kwa Benjamin Robins, Mwingereza aliyepima kasi ya risasi mwaka 1742 kwa kuipiga kwenye ubao unaoning'inia: kasi ikizidi, ubao husogea mbali zaidi. Nikashindilia gunia matambara ya mitumba kutoka Kongowea, nikalipima mpaka likawa kilo 5 pamoja na mshale, nikalitundika kwenye mwembe kwa kamba nne za mita 2 ili lisijizungushe. Mpwa wangu akashika kadi nyepesi juu ya rula. Gunia likiisukuma, inabaki pale lilipoishia.

Kwa kasi ya mita 53.1 kwa sekunde, gunia lilipaswa kusogea sentimita 12. Lilisogea 11.5. Tukarudia mara nane, ileile, na kadi haikuyumba.

"Mjomba, labda gunia ni zito kuliko ulivyopima?" Nikalirudisha kwenye mzani. Kilo 5 kamili.

Hapo ndipo nilipochukua rula nikapima tena fremu, safari hii si kutoka tundu hadi tundu bali pale mshale unapokata mwanga. Gundi ilipokauka safu zote mbili ziliinama ndani, milimita 6 kila upande. Nilikuwa nagawa sentimita 30 kwa milisekunde 5.65, kumbe masafa ni 28.8. Ukigawa hizo unapata mita 51, na mita 51 ndiyo inayosogeza gunia sentimita 11.5.

Nimezing'oa safu na kuzifunga upya kwa skrubu, na kati ya fremu nimeweka fito mbili za alumini zilizokatwa urefu mmoja. Jana mishale kumi: 50.9. Upote mpya wa nyuzi 14 uko mezani, nausubiri unyooke kidogo kabla sijaupima.