Nilivyoingizwa mkenge na jiwe jekundu

Siku mbili za kwanza sina la kuhadithia, ni basi na vumbi tu, na kiti kisicholala wakati nauli niliyolipa ilikuwa ya kiti kinacholala. Siku ya tatu tumesimama kituoni kuchimba dawa, jamaa akanisogelea na kikaratasi, akakifungua taratibu kama anamfunua mtoto aliyelala, ndani kuna jiwe jekundu linawaka, anasema rubi. Tukavutana bei weee, mwisho nikatoa karibu nusu ya hela yote ya safari. Usiku sikulala, kila saa mkono mfukoni, na dada yangu nikamtumia picha hapo hapo.

Nilipofika nikatafuta mtaalamu wa vito anipimie. Nikamkuta mama mmoja mtu mzima, shikamoo, marahaba, akanitajia gharama ya kupima nikanuna, yaani kuangalia tu jiwe ndo hela yote hiyo?

Akalifuta kwanza, akatia tone la maji fulani kwenye kipimo cha mwanga, akalilaza juu yake. Kikasoma 1.762 na 1.770, namba za jinsi jiwe linavyopinda mwanga. Nikauliza, mama, ni rubi? Akasema namba ni za rubi. Mi nikaanza kucheka mwenyewe, yeye wala, akalihamishia kwenye hadubini, akawa analigeuza, anageuza taa, kimya. Akaniita niangalie. Sikuona kitu, wekundu tu. Akasogeza taa kidogo, angalia tena, bado. Mara ya tatu ndo nikaiona, mistari myembamba imepinda kama ya kwenye santuri.

Akasema, mwanangu, la ardhini mistari yake imenyooka, ikikata inakata kona, hii imepinda kwa sababu jiwe limekuzwa kwenye moto. Unga wa alumina unadondoshwa kwenye mwali mkali, unayeyuka, unaganda tabaka juu ya tabaka, ni ujuzi wa Mfaransa Verneuil aliyeutangaza 1902. Na kwa kuwa kilichomo ni kilekile cha rubi ya kweli, kipimo kinasoma namba zilezile. Kumbe ningenunua hicho kipimo mwenyewe ningejidanganya vizuri zaidi!

Kuona nimenyong'onyea akanipoza, lile jiwe kubwa jekundu la mbele kwenye taji la kifalme la Uingereza, linaloitwa Rubi ya Black Prince, nalo si rubi, ni spineli, jiwe la aina nyingine kabisa. Nikamuuliza hayo macho umeyapataje. Akasema mtihani wa GIA, taasisi ya Marekani inayofundisha wataalamu wa vito, wanakupa mawe 20, uyataje yote 20, ukikosa moja umefeli, unarudia. Yeye aliufanya mara tatu, na mara mbili zilizomkwamisha ni jiwe la aina hii hii, jekundu, zuri, namba zimekaa sawa akaridhika akaliacha.

Nikalipa, sikuomba punguzo. Akalirudisha kwenye kikaratasi chake, akakikunja vizuri kuliko yule jamaa.

Kwenye basi la kurudi nikawasha simu, dada kajibu: kipimo cha kidole chake, na swali kama pete itakuwa ya dhahabu.