Mlango wa Uani

Nyumba yetu ya Minneapolis ina milango miwili, na kwa miaka minne niliamini Mama hapendi ule wa nyuma kwa ukaidi tu.

Namwita Mama ingawa hakunizaa. Ni Mmarekani mweusi, muuguzi mstaafu, na ndiye aliyenipokea kazini mwaka 2004, miezi michache baada ya mimi kutoka Tanga. Ilikuwa nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Alinionyesha jinsi ya kumgeuza mgonjwa mzito bila kuumiza mgongo, jinsi ya kujaza fomu za wagonjwa, na jinsi ya kuvaa nguo juu ya nguo kabla ya kwenda kungoja basi mwezi wa Januari. Koti langu la kwanza la baridi lilitoka kabatini kwake. Mtu wa namna hiyo humwiti kwa jina.

Tulinunua nyumba mwaka 2017, upande wa kusini wa jiji, karibu na kijito cha Minnehaha. Mitaa ya huku, nyuma ya kila safu ya nyumba kuna kichochoro cha magari, na gereji ziko huko. Kwa hiyo sisi wenyewe twaingilia nyuma, moja kwa moja hadi jikoni. Mlango wa mbele tuliuacha kwa mwenye kuleta vifurushi. Theluji ikianguka tulizoa ile ya njia ya waenda kwa miguu, kwa kuwa ni sheria ya jiji, lakini ngazi za mbele tuliziacha zigande.

Mama alipoanza kuja kutuona nikamwambia, pitia nyuma, mlango uko wazi. Aliyekulia pwani anajua nilikuwa nasema nini. Kwetu mgeni huishia barazani. Uani huingia mtu wa ndani: shangazi, shoga, jirani aliyeishiwa chumvi. Kumwambia mtu "pitia uani" ni kumwambia huna haja ya kubisha, huku ni kwenu. Sikuwa na heshima kubwa kuliko hiyo ya kumpa.

Yeye akaegesha gari mtaani, akapanda zile ngazi zenye barafu huku ameshikilia chuma, akabonyeza kengele. Na safari iliyofuata hivyo hivyo, na nyingine. Niliumia kidogo. Nilimwambia mume wangu, mbona anajifanya mgeni?

Siku ninayotaka kuisimulia ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mei mwaka 2021, lakini haieleweki bila ile karatasi.

Karatasi aliigundua binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa Februari, shule bado zinafundisha kwa kompyuta kwa sababu ya Korona. George Floyd, mtu mweusi, alikuwa ameuawa na polisi hapa jijini tarehe 25 Mei 2020, na tangu hapo watoto wa jiji hili walikuwa wakiuliza maswali ambayo sisi wazazi hatukuwa na majibu yake. Chuo Kikuu cha Minnesota kina mradi unaoitwa Mapping Prejudice. Watu wa kujitolea wamesoma hati za zamani za mauzo ya viwanja, moja baada ya nyingine, wakatafuta zenye sharti la rangi, kisha wakaziweka kwenye ramani. Hati ya kwanza ya aina hiyo Minneapolis iliandikwa mwaka 1910. Ndani ya jiji peke yake wamekuta maelfu. Binti yangu akaandika anwani yetu, nayo ramani ikaonyesha kiwanja chetu kimepakwa rangi.

Aliniita kwa sauti ya chini. Nilidhani ameumwa.

Tulipata nakala ya hati yenyewe. Imepigwa chapa vizuri, lugha ya kisheria, vipimo vya kiwanja, bei, majina ya muuzaji na mnunuzi. Na katikati, kwa utulivu uleule wa vipimo, imeandikwa kwamba nyumba hii isiuzwe, isiwekwe rehani wala isipangishwe kwa mtu yeyote mwenye damu au asili ya Kichina, Kijapani, Kimoori, Kituruki, Kinegro, Kimongolia au Kiafrika. Kisha kijisentensi kidogo: isipokuwa watumishi wa nyumbani.

Niliisoma nimesimama. Nikaketi, nikaisoma tena.

Nililotambua usiku ule ndilo linalonifanya niandike leo. Aliyetunga orodha ile alikwisha kuandika "Negro". Mtu mweusi alikwisha kutajwa, mlango ulikwisha kufungwa. Bado akaona haitoshi, akaongeza Mwafrika. Ni kama aliona mbele, akamwona mtu wa kama mimi anakuja na pasipoti yake na lafudhi yake, akisema, samahani, mimi si mmoja wao. Akaniwekea neno langu peke yangu.

Kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Waliotutangulia Marekani walitupokea kwa wosia. Kwenye nyama choma za Brooklyn Park, kitongoji cha kaskazini mwa jiji, kwenye harusi na misiba, tuliambiwa tujihadhari na weusi wa hapa, tusifananishwe nao, sisi tumekuja kufanya kazi. Sikuupinga wosia huo. Mwaka 2006 niliingia dukani pamoja na Mama, tumetoka zamu, tunatafuta viatu vya kazini. Mlinzi akatufuata safu hadi safu. Mwishowe akasimama mbele yetu, akauliza kama tunahitaji msaada, kwa ile sauti ambayo haikukusudia msaada. Nami nikamjibu haraka, kwa tabasamu: mimi natoka Tanzania, ni muuguzi. Uso wake ukalegea. Akasema ana rafiki aliyepanda Kilimanjaro. Tukazungumza. Mama alikuwa hatua mbili nyuma yangu, ameshika kiatu kimoja mkononi.

Hakusema neno njia nzima ya kurudi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijipongeza kwamba nimetuliza jambo.

Baba yangu alizaliwa Ngamiani, mtaa wa barabara zenye namba, wakati Tanga bado iko chini ya Waingereza. Alikuwa akitusimulia habari za uzunguni, uhindini na uswahilini, na jinsi Raskazone, walikokaa Wazungu, ilivyokuwa mahali pa kwenda kufanya kazi na kutoka kabla ya giza. Nilikua najua kabisa kwamba mji unaweza kugawanywa kwa rangi ya ngozi. Lugha yangu ina maneno matatu ya jambo hilo. Nikaja hapa, jiji jingine lenye barabara za namba, nikasahau kuuliza uzunguni ya huku iko wapi. Kumbe nilikuwa nimeinunua, nalala ndani yake.

Sharti lenyewe halina nguvu tena. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti kama hayo, na sheria ya makazi ya mwaka 1968 ikaharamisha ubaguzi wa aina hiyo nchi nzima. Lakini maandishi hayakufutwa, na wala matunda yake. Familia nyeupe zilizopata nyumba miaka ile ziliwarithisha watoto, watoto wakaweka rehani, wakasomesha. Leo katika eneo hili la miji pacha, Minneapolis na Saint Paul, takriban robo tatu ya kaya za Wazungu wanamiliki nyumba; kwa weusi haifiki nusu ya hapo. Tangu mwaka 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kuweka tamko la kulikana sharti hilo, nao wanasheria wa mpango wa Just Deeds husaidia bure. Tulijaza, tukatia saini mbele ya notari, likasajiliwa. Lile la kale halikutolewa. Tamko letu limewekwa juu yake, ili atakayefungua faili aone yote mawili. Naona ni sawa. Sikutaka lipotee.

Hiyo ilikuwa Aprili. Kesi ya polisi aliyemuua Floyd ilikuwa ikiendelea katikati ya jiji, jengo limezungushiwa uzio na askari wenye bunduki. Tarehe 11, kesi haijaisha, polisi wakampiga risasi kijana mwingine, Daunte Wright, kule Brooklyn Center, mwendo mfupi kutoka kwa wenzetu wengi. Tarehe 20 ikasomwa hukumu: hatia kwa mashtaka yote matatu. Nilimpigia Mama simu. Tulikaa kimya kwenye laini, tunasikilizana pumzi. Kisha nikamwambia, Mama, sote tumechanjwa sasa, njoo ule nasi. Nina kitu cha kukuonyesha.

Alikuja Jumamosi ile. Alipanda ngazi za mbele, akabonyeza kengele, akasema "Hodi" kama nilivyomfundisha zamani. Tulikumbatiana kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya mwaka, na hakuna aliyetaka kuachia.

Kabla ya chakula nilimpa karatasi. Alivaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kinafuata mistari, na alipofika kwenye "watumishi wa nyumbani" kidole kikasimama.

"Shangazi yangu alifanya kazi mitaa hii," alisema.

Alizaliwa Rondo, ng'ambo ya mto Mississippi, Saint Paul, mtaa wa weusi wenye makanisa yao, vinyozi wao, maduka yao. Kati ya mwaka 1956 na 1968 serikali ilipitisha barabara kuu ya I-94 katikati ya mtaa huo. Mamia ya familia ziling'olewa, na kwao ni mojawapo. Baba yake alilipwa pesa zisizotosha nyumba nyingine, na hata zingetosha, hakuna mtaa ambao ungemuuzia. Hayo alikwisha kunisimulia. Ya shangazi hakuwahi.

Shangazi alisafisha nyumba karibu na kijito. Wakati wa likizo alimchukua Mama, akiwa na miaka saba au minane, wakapanda basi. Waliingia kwa kichochoro. Siku moja mtoto alikimbia mbele, akapanda ngazi za mbele za nyumba ile kwa kuwa alitaka kubonyeza kengele, watoto wanavyopenda kengele. Mwenye nyumba alifungua. Hakumpiga, hakupaza sauti. Alimshika bega, akamshusha ngazi zote, akamzungusha nyumba nzima hadi mlango wa nyuma, akamwambia shangazi mbele yake: mfundishe.

"Akanifundisha," Mama alisema. "Njia nzima ya kurudi alikuwa analia na ananifundisha."

Nilihisi uso unawaka. Miaka minne nilikuwa namwambia apitie nyuma. Nikaanza kueleza, maneno yanagongana: kwetu uani ni mahali pa watu wa ndani, mgeni ndiye anayewekwa mbele, nilikuwa nakwambia wewe ni damu yangu. Alisikiliza hadi mwisho. Ni mtu anayesikiliza.

"Najua ulimaanisha wema," alisema. "Kwenu ni hivyo. Hapa si kwenu."

Nikasema na lile jingine, maana nilijua nisipolisema wakati ule sitalisema. Nikataja duka, mlinzi, kiatu. Nikamwambia: nilikukana, Mama. Nilimwambia yule mtu kwamba sisi si wamoja ili aniache mimi, na nikakuacha na yeye.

Alivua miwani, akaikunja.

"Nilikusikia siku ile," alisema. "Nimekuwa nikingoja uniambie kama na wewe ulijisikia."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Pilau lilikuwa linapoa. Binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote bila sisi kumwona, alikuja akapakua, akampa Mama kwanza.

Baada ya kula Mama alitaka tuzunguke kwa gari. Alituelekeza hadi kona ya barabara ya 46 na Columbus, kwenye nyumba ndogo nyeupe ambayo nilipita mbele yake mara nyingi bila kuitazama. Mwaka 1931 aliinunua Arthur Lee, mfanyakazi wa posta aliyepigana Ufaransa katika Vita ya Kwanza ya Dunia, pamoja na mkewe Edith na binti yao mdogo. Maelfu ya watu weupe waliizunguka usiku baada ya usiku, wakirusha mawe na kudai waondoke. Mwanasheria wao, Lena Olive Smith, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili Minnesota, alisimama nao, na familia ikakaa ndani. Mama alimweleza binti yangu yote hayo kupitia dirisha la gari, bila haraka, kama mtu anayekabidhi. Kisha akanyoosha mkono kaskazini: barabara nane tu kutoka pale, na mtaa mmoja upande wa mashariki, ndipo Floyd alipolazwa chini.

Tulipomrudisha kwenye gari lake, nje ya kwetu, nilimuuliza kama atakuja tena.

"Nitakuja," alisema. "Kwa mbele."

Theluji ya kwanza ya mwaka ule ilianguka usiku. Nilitoka zamu alfajiri, nikaacha gari kichochoroni, nikachukua koleo gerejini na kuzunguka nyumba. Nilianzia ngazi ya juu kabisa, nikashuka moja moja hadi mtaani, nikamwaga chumvi.