Nilikodi boti nipumzike, nikatokwa jasho

Mama alipokuja kututembelea Chicago, kila tuliyemwomba ushauri alisema mpelekeni mtoni akaone majengo. Tukampeleka. Ikapita boti kubwa ya watalii, sitaha imejaa watu bega kwa bega, mwongozaji anamwaga maneno kwenye kipaza sauti. Mama akanishika mkono. "Baba, mimi humo sipandi. Nitatoka na kichwa kinauma na sijaona kitu."

Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba kuna boti ndogo za umeme ambazo unakodi kwa saa na kuendesha mwenyewe. Bei ni ya boti nzima, si ya kichwa, kwa hiyo mkiwa watano inaingia akilini kuliko mkiwa wawili. Leseni ya unahodha hawaulizi. Walitaka kitambulisho, kadi ya benki kwa ajili ya dhamana, na saini yangu chini ya karatasi ndefu inayosema kwamba nikiigonga boti, nitailipa. Tukaweka nafasi ya muda wa saa mbili, Jumamosi alasiri. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua siku ya kazi asubuhi. Jumamosi ya kiangazi mto ule una foleni kama barabara.

Kwenye ile karatasi palikuwa na mstari mmoja wa jina la mwendeshaji. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akanyoosha mkono achukue kalamu. Huyu ni mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye boti za uvuvi. Nikamwahi. Mgeni ni wangu, kadi ni yangu, na kwa kweli nilishajiona nimeshika usukani, upepo usoni, Mama ananitazama kwa fahari.

Kijana wa gatini alitupa maelezo ya kama robo saa, na ninamshukuru kwamba hakuharakisha. Boti ina usukani wa duara kama wa gari na mpini mmoja pembeni: ukiusukuma mbele inaenda mbele, ukiuvuta nyuma inarudi nyuma, katikati mota imelala. Basi. Kaa upande wako wa kulia wa mto. Boti kubwa, teksi za majini na matishari usishindane nayo, yapishe tu, kwa sababu hayawezi kukukwepa hata yakitaka. Usivuke kwenda ziwani, na kwa kweli hata ungetaka pana lango la maji linalotenganisha mto na Ziwa Michigan, si kazi ya boti hizi. Pombe kwa mwendeshaji marufuku. Halafu akatufundisha jambo moja nililolidharau wakati ule: ukisikia honi fupi tano mfululizo, kuna nahodha ana wasiwasi na wewe, haelewi unakusudia nini.

Sheria ya Illinois inamtaka mtoto aliye chini ya miaka 13 avae jaketi okozi muda wote akiwa kwenye boti ndogo kama ile. Binti yetu ana miaka tisa, akavalishwa. Mama akauliza la kwake liko wapi. Kijana akamwambia mtu mzima halazimishwi, linatosha kuwa karibu. "Kwani mtu mzima hazami?" Akalivaa, akafunga na vifungo vyote.

Kitu cha kwanza kinachokushangaza ni ukimya. Mota ya umeme haingurumi. Unasikia maji yakilamba ubavu wa boti, na chini ya daraja unasikia matairi ya magari yakiimba juu yako, maana madaraja mengi ya pale yametandikwa wavu wa chuma badala ya lami. Mazungumzo yanaendelea kwa sauti ya kawaida. Mama, aliyekuwa amekamata ukingo wa kiti kwa mikono miwili, baada ya dakika tano alikuwa ameachia mmoja.

Tukaelekea magharibi, kwa sababu huko ndiko boti ilikokuwa inataka kwenda yenyewe. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, mgongoni kwetu, na maji pia yanakwenda huko. Hapo mke wangu akamweleza Mama kisa cha mto huo, kwamba zamani ulikuwa ukimwaga maji ziwani. Uchafu wote wa mji ukawa unaingia kwenye maji yale yale watu wanayoyanywa, ndipo wakachimba mfereji wa maili 28, na mwaka 1900 mto ukageuzwa, ukaanza kuondoka ziwani badala ya kwenda. Sasa maji yake yanaishia Mississippi. Mama akatazama maji kwa muda. "Wamegeuza mto?" "Ndiyo, Mama." "Na mto ukakubali?"

Tukafika penye minara miwili ya Marina City, ile ya mviringo ambayo wenyeji wanaifananisha na mahindi. Kweli ni mahindi: vibaraza vimejipanga kama punje, na sehemu ya chini magari yameegeshwa ghorofa juu ya ghorofa, mengine pua zinachungulia mtoni. Wote wakainuka kwenda upande wa kulia kupiga picha, na boti ikainama. Si kwa kutisha, lakini glasi ya maji ya binti yetu iliteleza mezani ikamwagika. Shemeji akasema kwa upole kabisa, "Dada, rudi upande huu. Mama, wewe kaa. Tupige picha kwa zamu."

Nilidhani anajifanya mjuzi. Mbele kidogo, upande wa kushoto, kati ya mtaa wa Clark na LaSalle, akatuonyesha ukuta wa gati akatueleza habari ya meli iitwayo Eastland. Mwezi wa Julai 1915 ilikuwa imefungwa kamba pale pale, imepakia watu zaidi ya 2,500 wanaokwenda matembezini na familia zao. Ilikuwa nzito juu, ikaanza kuyumba, ikalala ubavu ikiwa bado haijaondoka gatini. Watu 844 walikufa, hatua chache kutoka barabarani, kwenye maji ya kina cha futi 20 hivi. Tulinyamaza wote. Boti yetu haifanani na ile meli hata kidogo, betri zake nzito zimewekwa chini na ndizo zinazoituliza, lakini tangu hapo hakuna aliyeinuka bila kusema "nahamia kushoto".

Sasa nieleze kuhusu kuendesha, maana hapa ndipo wengi watakapoumbuka kama mimi. Usukani unafanana na wa gari, na huo ndio mtego. Gari ukikata kona, pua inaingia na mkia unafuata. Boti inafanya kinyume: mkia ndio unaotupwa nje. Ukiwa karibu na ukuta kushoto kwako, ukakata kulia ghafla ili ujiondoe, utaugonga kwa nyuma. Niliugonga. Yale maboya ya mpira yaliyoning'inizwa pembeni yalifanya kazi yake, ikasikika "bup" kama mtu kapiga mto wa kulalia. Jambo la pili, hakuna breki. Ukirudisha mpini katikati boti inaendelea kuserereka, tena ikiwa haisukumwi usukani nao unapoteza nguvu, unauzungusha na boti inakutazama tu. Kusimama ni kuvuta mpini nyuma mapema, kidogo kidogo. Tatu, kila unachofanya kinajibiwa baada ya sekunde mbili tatu. Mimi nilikuwa nakata, naona haijibu, nakata zaidi, halafu inajibu yote kwa pamoja. Tulipita chini ya daraja la Wells tukienda kama nyoka, treni inapita juu, nami shati limelowa mgongoni.

Mbele ya daraja hilo mto unagawanyika. Panaitwa Wolf Point: tawi moja linatoka kaskazini, jingine linakwenda kusini, na kwenye kona kuna lile jengo la kioo cha kijani lililopinda, 333 Wacker Drive, linalobeba sura ya mto mzima kwenye kioo chake. Ni mahali pazuri kuliko pote tulipopita. Ndiyo maana nikapunguza mwendo katikati ili Mama atazame.

Usisimame katikati ya Wolf Point. Teksi ya majini ilikuwa inatoka kaskazini, boti ya watalii inarudi kutoka kusini, na upepo ukatushika ubavuni ukaanza kutusogeza taratibu, tumekaa mlalo kama gogo. Nikasikia honi. Moja, mbili, tatu. Binti yetu anahesabu kwa sauti, maskini, anafurahia. Nne, tano. "Baba, tano!"

Sikumbuki nilifanya nini na usukani. Nakumbuka shemeji hakuunyang'anya, alisema tu, "Shemeji, mpini mbele, yote. Shika kushoto. Usibadilishe mawazo." Nikafanya hivyo, boti ikajivuta hadi karibu na ukuta wa kusini, na ile boti kubwa ikapita upande wa pili, nahodha wake akininyooshea kidole gumba ambacho sikustahili. Mawimbi yake yakatufikia, yakagonga ukuta wa zege yakarudi tena, kwa sababu mto ule hauna fukwe za kuyameza. Shemeji akaniambia nielekeze pua kwenye wimbi kwa mshazari na nipunguze mwendo. Tukaruka ruka mara tatu, kukatulia.

"Ulikuwa unamsubiri nani pale katikati?" Mama akauliza.

Baadaye shemeji alinieleza alichokiona tangu mwanzo: kinachomtisha nahodha mwingine ni mtu asiyeeleweka, hata akiwa anakwenda polepole. Ukishika mstari wako hata ukiwa mwepesi kama jani, wakubwa watakupangia. Ukisitasita, hakuna anayejua akupitie wapi. Nikaanza kuchagua kitu cha mbali mbele yangu, nguzo ya daraja au kona ya jengo, na kukiendea hicho bila kuhangaika na kila inchi. Mikono ikatulia. Tawi la kusini tulilisafiri kama nusu saa, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kumbe kuna watu kando ya mto wamekaa wanakula, wanatupungia.

Kurudi ndiko kulikotufunza habari ya upepo. Ule uliokuwa mgongoni sasa uko usoni, na boti hizi mwendo wake wote ni kama wa mtu anayekimbia polepole. Nikasukuma mpini mpaka mwisho. Kipimo cha betri kikaanza kushuka kwa macho. Nikirudisha kidogo tu, mwendo unapungua kidogo lakini ulaji wa umeme unapungua sana. Kama ningeanza na upande wenye upepo wakati betri imejaa na muda upo, safari ya mwisho ingekuwa ya kusukumwa. Tuliogopa kuchelewa maana dakika za ziada hulipiwa, na jambo jingine ambalo hakuna tangazo linalokuambia: boti haina choo. Mama aliligundua hilo tukiwa bado na madaraja matano.

Tulipofika gatini zilikuwa zimebaki dakika 25, kwa hiyo Mama alishuka na mke wangu haraka, wakarudi haraka, na tukapata kwenda mashariki hadi daraja la DuSable na kugeuza. Shemeji alikuwa ameshika usukani dakika hizo. Kijana wa gatini alimsomea masharti, akatia saini naye. Daraja hilo la mwaka 1920 limepewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi aliyeweka makazi hapo kaskazini mwa mdomo wa mto katika karne ya 18, kabla ya kuwa na mji wowote. Sanamu yake ya kichwa iko juu kwenye ncha ya kaskazini, kutoka majini huioni vizuri, lakini Mama alisimama (baada ya kutangaza) akainua mkono kama anayemwamkia mwenye nyumba. Jua lilikuwa limeangukia jengo jeupe la Wrigley likawa rangi ya samli. Nilikuwa nimekaa nyuma, miguu nimeinyoosha, sina cha kushika.

Kuifunga boti alifunga shemeji, akija polepole dhidi ya upepo, mpini katikati mapema, akivuta nyuma kidogo, kidogo tena, hadi kijana akaokota kamba bila kuinama sana.

Mama aliondoka Septemba. Wiki moja kabla alituomba turudi, safari hii siku ya kazi asubuhi. Kijana yule yule akatuletea karatasi ile ile. Nikachukua kalamu mimi, nikaandika jina la shemeji.