Lanesboro au Grand Marais: nilivyochagua mji wa kumpumzisha Mama

Kila niliyemwuliza hapa Minneapolis nimpeleke Mama wapi akapumzike alinijibu Lanesboro. "Dada, ni mwendo wa saa mbili na kidogo tu, mpeleke Mama huko, usijichoshe." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza Mama ni mtu wa namna gani, na hilo linaniudhi mpaka leo. Mama ni mzaliwa wa Mwanza, ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, na tangu atue Marekani swali lake lilikuwa moja: watu wa huku wanavua wapi?

Lanesboro nilikwenda kuikagua mwenyewe kwanza, maana iko karibu. Siisemi vibaya. Ni mji wa watu wasiofika elfu moja, kusini-mashariki mwa Minnesota, umejibana bondeni kando ya Mto Root, juu yake majabali, na barabara kuu ina majengo ya zamani yaliyotunzwa vizuri. Njia ya reli iliyoachwa wameigeuza njia ya baiskeli, maili 42 kutoka Fountain hadi Houston (siyo ile ya Texas), na baiskeli ndizo zinazouendesha mji huo. Anayezipanda atafurahi kutwa nzima. Mama angetembea barabara ile mara moja, na kabla ya adhuhuri angekuwa amekaa kwenye benchi akiniuliza tunarudi saa ngapi.

Walinisifia pia Waamishi wa huko, Wakristo wakulima wanaotumia magari ya farasi na kuuza mikate, jamu na vikapu majumbani mwao. Mama angewapenda sana. Lakini Waamishi hawafanyi biashara Jumapili, na mimi kwa zamu zangu za kazi mapumziko yangu huanza Jumapili. Watu wanaokupa ushauri wa safari hawaangalii kalenda yako.

Basi nikageukia kaskazini. Grand Marais iko ukingoni mwa Ziwa Superior, ziwa lenye eneo kubwa kuliko yote ya maji yasiyo ya chumvi duniani, kama kilomita za mraba 82,000. La pili ni Victoria, ziwa la kwetu. Nilipomwambia Mama hivyo hakukubali. "Kubwa kuliko letu? Nipeleke nilione."

Tatizo likawa chumba. Kwenye apu ya kukodi vyumba kila nyumba ya wikiendi mwezi wa Julai ilidai usiku usiopungua miwili, na bei ilikuwa karibu mara mbili ya siku za kawaida. Jamaa mmoja akanishauri tulale kwenye hema. Hema, na magoti yale! Nilichofanya ni kuiacha apu na kupiga simu moja kwa moja kwenye moteli ndogo karibu na bandari. Nikamwamkia mwenye moteli, nikamweleza habari za Mama na magoti yake, nikaomba Jumapili usiku, chumba cha chini kisicho na ngazi, chenye jiko. Jumapili wageni wa wikiendi wanaondoka, vyumba vinabaki vitupu. Nikapata, tena kwa pungufu ya nilichoona kwenye apu. Unga na dagaa tulibeba wenyewe.

Kutoka Minneapolis ni maili kama 260, kwa hiyo usiende moja kwa moja na mtu mzima garini. Sisi tulisimama Duluth, mji wa bandari ulio njiani, na hapo ndipo ninapojivunia. Ratiba ya meli zinazoingia bandarini iko kwenye intaneti; niliiangalia tangu asubuhi, nikapanga safari tufike kabla ya meli ya madini ya chuma. Zile kubwa zina urefu wa mita 300 hivi. Meli ikapiga honi, daraja la mlangoni mwa bandari likajibu kwa honi yake, kisha barabara yake nzima ikapanda juu kama lifti, na meli ikapita karibu nasi kiasi cha kuonana na mabaharia. Mama akawapungia khanga. Nao wakampungia mkono.

Mbele kidogo, kwenye maporomoko ya Gooseberry, egesha kwenye kituo cha wageni: pale hudaiwi kibali cha gari, ambacho kwenye hifadhi nyingine za jimbo ni dola saba hivi kwa siku. Njia ya kwenda kutazama maji ni fupi, imesakafiwa, Mama aliimudu.

Grand Marais kwenyewe ni mji mdogo tu. Ila Mama alikaa ufukweni wa kokoto karibu na mnara wa taa akatazama mashua, akatafuta vijiwe vya akiki, akauliza habari za mamba, viboko na kichocho. Nikamwambia hakuna hata kimoja. Akapandisha khanga, akatia mguu majini, akautoa mara moja: "Hili limetoka kwenye friji!" Julai ile! Beba sweta na koti la upepo hata kama Minneapolis mnatokwa jasho. Jioni tulikula samaki wa kukaushwa kwa moshi kwa ugali, naye akasema wanajua kukausha, ila hawana pilipili.

Wenzangu bado wananiambia nilichoma mafuta bure. Mama kaniagiza nimtafutie chumba kile kile akija tena, na nimeshampigia mwenye moteli kuulizia Septemba, kabla watu wa kutazama majani ya vuli hawajajaza vyumba vyote.