Magamba ya Nikeli

Jumamosi usiku

Nimezilaza bastola zote mbili mezani juu ya taulo kuukuu, silinda zimetolewa pembeni, matundu sita hapa na sita pale, yote matupu. Nimeyakagua mara tatu ingawa hakuna risasi hata moja chini ya paa hili. Marehemu mjomba alinilea hivyo: silaha huulizi kama ina risasi, unaichungulia mwenyewe. Sasa zimekuwa zangu kwa karatasi halali, na limebaki swali moja ambalo nimelibeba miezi miwili bila kulitua. Nizivishe nini?

Ya kwanza ni Colt Official Police, jina ambalo kampuni ilianza kulitumia mwaka 1927. Ilitoka kiwandani ikiwa na buluu, ile rangi ya weusi wenye kivuli cha maji ya kina. Leo buluu imejificha kwenye kona tu: chini ya nyundo, ndani ya mifereji ya silinda, nyuma ya kifyatulio. Kwingineko chuma kimekuwa kijivu chenye uhudhurungi kwa mbali. Mdomo wa mtutu umekwanguka pande zote mbili kwa ala ya ngozi, na silinda imezungukwa na mstari mwembamba unaong'aa kama uzi wa fedha, kazi ya kile kidude kinachoikamata kila inapozunguka. Mjomba aliivaa miaka mingi kazini. Mstari ule ni wake.

Ya pili ni Smith & Wesson Military & Police, ukoo ulioanza mwaka 1899. Hii imevishwa nikeli, madini meupe yanayong'aa. Ukiitazama toka mlangoni bado ni bibi harusi. Ukiisogelea, nikeli imeumuka chini ya silinda na kando ya mtutu, inatoka vipande vipande kama magamba ya samaki, na chini ya gamba kuna kutu iliyokula taratibu bila kuonwa na mtu. Sehemu ya lawama ni yangu. Mwaka jana niliilowesha usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia yenye amonia, nikijiona mtunzaji hodari. Asubuhi magamba yalikuwa yameongezeka.

Jumatatu

Nimekwenda kwa fundi, mzee mwenye leseni ya kazi hii na mikono isiyotakata hata akinawa mara ngapi. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia rangi. Hakunipa nafasi.

"Rangi nitakutilia mwanangu, hiyo si kazi," alisema. "Niambie kwanza nisugue mpaka wapi."

Akafungua droo akatoa mtutu wa bastola ya mtu mwingine, uliosuguliwa na fundi mwingine asiye na subira. Ulikuwa mweusi unaong'aa kama kioo, na kwa sekunde mbili niliupenda. Kisha akauinamisha chini ya taa. Kingo zote zilikuwa zimelegea, kama sabuni iliyotumika wiki nzima. Tundu la skrubu, ambalo lilipaswa kuwa na ukingo mkali, lilikuwa limebonyea kama kisahani. Maandishi ya kiwanda yalikuwa yamefifia upande mmoja: ungeweza kusoma herufi nne, mbili zilizofuata ukazikisia. Nikapitisha kidole juu yake, nikahisi mawimbi pale ambapo macho yaliona unyoofu.

Hapo ndipo niliposhika kilichokuwa kimenipita. Buluu si rangi ya kupaka. Ni chuma chenyewe kilichogeuzwa ngozi yake ya juu kuwa oksidi nyeusi, magnetiti, ndugu wa kutu nyekundu lakini mwenye adabu. Ngozi hiyo ni nyembamba mno, yapata sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo haifuniki chochote. Mkwaruzo unaouona kabla ya buluu utauona baada ya buluu, tena ukiwa umevaa nguo nzuri. Ukitaka shimo la kutu lipotee, huna budi kuushusha uso wote wa chuma unaolizunguka mpaka ulingane na kina chake. Kila shimo unalolifuta unalipa kwa chuma cha jirani, kwa herufi na kwa kingo. Na chuma kilichotoka hakirudi.

Nikamuuliza kuhusu nikeli mpya juu ya ile ya zamani, akatikisa kichwa hata kabla sijamaliza. Nikeli nayo haidanganyi: shimo la chini hujitokeza juu yake waziwazi, maana mng'ao hukuza kila kasoro. Kromu ngumu ni imara ajabu, inakaribia 70 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell C, na haibambuki kirahisi ikitiwa vizuri, ila ina weupe wa ubaridi unaonikumbusha vifaa vya hospitali. Tena kromu na nikeli zote huongeza unene, na ndani ya rivolva, ambako vipande vinapitana kwa nafasi ya unywele, unene ni jambo la kuzungumzwa mapema. Fosfeti, ile ya kijivu isiyong'aa waliyopenda majeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, hushika mafuta vizuri kwa sababu ina vinyweleo, lakini kwenye Colt hii ingekuwa sawa na kumvalisha babu magwanda ya askari wa kuruta. Rangi za kisasa za kauri zinazookwa kwenye oveni sikuziuliza hata. Zinafaa, zinazuia kutu kuliko karibu vyote nilivyovitaja, na sizitaki. Sina hoja nyingine.

Kuna jambo moja alilolitaja kwa ukali kidogo. Baadhi ya watu huvutiwa na yale mawimbi ya rangi, samawati na hudhurungi na kijivu, yaliyokuwa kwenye fremu za Colt Single Action za 1873. Hayo hupatikana kwa kuzika chuma kwenye makaa ya mifupa na ya mbao, kukipasha moto mpaka kiwe chekundu, kisha kukitosa majini ghafla. Fremu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo itavumilia. Silinda kamwe. Silinda ndiyo inayobeba mlipuko, na ugumu wake umetokana na joto lililopimwa kiwandani. Ukiipasha upya kwa kubahatisha unaweza kuulegeza bila kuona tofauti yoyote kwa macho. "Rangi ya kufia," alisema, akarudisha ule mtutu kwenye droo.

Jumatano

Jana nilifanya upuuzi, na ninauandika ili nisiurudie.

Nilinunua chupa ya buluu ya baridi, ile ya kupaka kwa pamba bila moto wala tangi. Nilijiambia ni mdomo wa mtutu wa Colt tu, pale palipokwanguliwa na ala, padogo kama ukucha. Nikapasafisha kwa spiriti, nikapaka. Pakawa peusi papo hapo, nikafurahi kama mtoto. Baada ya dakika kumi weusi ulikuwa na mabaka, na kwa pembeni kulikuwa na wekundu wa shaba, kwa kuwa dawa nyingi za aina hii huacha seleniamu na shaba juu ya chuma badala ya kukigeuza chenyewe. Harufu yake ilinikaa vidoleni hata baada ya sabuni mara tatu. Nikaifuta kwa kitambaa na kwenda kulala bila kupaka mafuta. Asubuhi pale palipokuwa padogo kama ukucha palikuwa na vumbi la kutu ya rangi ya chungwa.

Nimeiondoa kwa sufi laini ya chuma iliyochovywa mafuta, taratibu, mpaka ukijivu wa zamani ukarudi. Karibu wote. Nikiugeuza kwenye mwanga bado naona kivuli chekundu kilichobaki kwenye ukingo. Mjomba angecheka mpaka akohoe.

Ijumaa

Habari ya leo ni ya ile ya nikeli, na imenigeuza kichwa.

Nimekuwa nikiitetea nikeli ile kwa kuwa ndiyo ya asili. Kitu cha asili, hata kikichakaa, wakusanyaji hukithamini kuliko kipya cha kuigiza, na hilo halina ubishi. Fundi alikuwa ameivua mpini na kuitoa silinda, akaniita kwa kidole. Kwanza akanionyesha nyundo na kifyatulio: vyote viwili vina nikeli. Smith & Wesson kwa kawaida haikuvitia nikeli hata kwenye bastola zake za nikeli; iliviacha na rangi zake za kugumishwa kwa makaa. Pili, kwenye ukingo wa gamba moja lililoinuka, akaweka lenzi. Kati ya weupe wa nikeli na ukijivu wa chuma kulikuwa na mstari wa waridi, mwembamba kama mshono. Shaba. Kwa hiyo nikeli hii ilitandikiwa shaba kwanza, na amonia yangu ya mwaka jana ilipenya kwenye nyufa ikaila shaba hiyo kutoka chini. Ndiyo maana magamba yaliinuka badala ya kukwanguka.

Kisha akaugeuza mtutu juu chini. Upande wa chini, mahali panapofichwa na kijiti cha kusukumia maganda, kuna bapa dogo la chuma lenye namba. Kando ya namba pana herufi moja, ndogo, iliyojaa uchafu. Akaichokoa kwa kijiti cha mbao.

B.

Kwenye Smith & Wesson nyingi za zamani, N ni nikeli na B ni buluu. Bastola hii ilizaliwa nyeusi. Kuna mtu, kabla ya mjomba au ni mjomba mwenyewe, aliyeitaka ing'ae akaivisha. Nilichokuwa nalinda kwa miezi miwili ni koti la mtu mwingine.

Nimekaa na hilo jioni nzima. Ajabu ni kwamba sikuhuzunika. Nilihisi wepesi, kama mtu aliyeambiwa kwamba deni alilokuwa akililipa si lake.

Jumapili

Tumekubaliana. Nikeli ya Smith & Wesson itavuliwa kwa dawa na umeme wa kinyume, si kwa jiwe la kusagia, ili chuma cha chini kisiguswe. Mashimo ya kutu yatakayoonekana yatasuguliwa kwa mkono, kwa msasa uliozungushiwa kipande bapa cha mbao, na yale yenye kina yatabaki yalivyo. Nimeapa kwa maandishi kwamba sitalalamika.

Halafu itatiwa buluu ya kutu. Buluu ya moto ingekwisha mapema zaidi: tangi la magadi makali na chumvi za naitreti, joto la kama digrii 140, nusu saa hivi, basi. Lakini weusi wake juu ya chuma chenye makovu huonekana kama polishi juu ya kiatu kilichopasuka. Buluu ya kutu ina utulivu wa kitambaa kizito, na makovu madogo hutulia ndani yake.

Nimeruhusiwa kutazama mzunguko wa kwanza. Chuma kilioshwa mafuta yote, kisha hakikuguswa tena kwa mkono mtupu, maana alama ya kidole kimoja ingebaki pale kama doa. Kikapakwa dawa ya asidi kwa mpako mmoja mwembamba, karibu mkavu, kikatundikwa kwenye kabati lenye unyevu. Baada ya saa kadhaa kilikuwa na manyoya ya kutu nyekundu kila mahali, na moyo wangu ukaruka, kwa kuwa maisha yangu yote nimefundishwa kuikimbia rangi hiyo. Fundi akakitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Mbele ya macho yangu uwekundu ukaanza kuzimika, ukawa kahawia, ukawa mweusi wa makaa. Akakitoa, akakisugua kwa brashi ya nyuzi laini za chuma, na chini ya masizi kulikuwa na kijivu chepesi, kama kivuli cha alfajiri. Hiyo ni mara moja. Inarudiwa mara sita, nane, kumi, mpaka chuma kikatae kushika zaidi.

Colt haitatiwa chochote. Nimeirudisha nyumbani na mafuta mapya, pamoja na kile kivuli cha shaba mdomoni.

Kabla sijaondoka kulikuwa na suala la skrubu nne za Smith & Wesson. Zingeweza kuingia kwenye buluu ya kutu pamoja na wenzao, lakini nilitaka ziwe za samawati ya moto, ile ya skrubu za saa. Fundi akaziweka juu ya bati lenye matundu, akawasha moto chini, akanikabidhi koleo. "Ikifika, toa. Usinitazame mimi." Chuma kilichong'arishwa kikawa cha majani makavu, kikawa cha kahawia, kikawa zambarau, na kwenye kama digrii 300 ikaja samawati, ghafla, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Nikanyakua tatu. Ya nne niliishangaa kwa sekunde moja zaidi, ikapauka kuwa kijivu, na ikabidi niisugue upya kuanzia mwanzo.