Nilivyojifunza kukaa kando ya kijito bila kuwafukuza wenye maji yao

Walioniambia nitafute nguo za mabaka ili nitazame ndege na wanyama wakinywa kijitoni walinipotosha mara mbili. Kwanza, hapa Tanzania raia kuvaa nguo zinazofanana na za jeshi ni kosa, utaishia kituoni. Pili, ndege hawana shida na nguo yako kama umetulia. Mimi nilivaa gauni la kahawia lililopauka na kitenge cheusi, na fundichuma, ndege wa kahawia wa kandokando ya maji, alinisogelea mpaka nikaona macho yake yakipepesa. Bado nina hasira na ushauri ule, kwa sababu nilipewa na watu watatu mjini Tabora, wote wakiongea kwa uhakika, na mmoja akaongeza kwamba niende saa 6 mchana kwa kuwa ndipo wanyama wanakuwa na kiu. Saa 6 mchana mwezi wa tisa huku kwetu hata mjusi amejificha.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka 19 masikio yangu yamejaa mlio wa mashine na redio za majirani. Nilifunga kibanda wiki mbili nikaenda kwa kaka yangu upande wa Sikonge, maana nyuma ya shamba lake kuna kijito, na tangu utotoni nilitamani kujua nani anakunywa pale sisi tukiwa tumelala. Nauli ya basi na bodaboda kwenda na kurudi haikufika elfu thelathini. Vingine vyote nilivyotumia vilikuwa vya nyumbani.

Mwezi wa tisa kijito chenyewe kimekatika. Mvua iliisha zamani, nyingine haitegemewi kabla ya mwisho wa Oktoba au Novemba, kwa hiyo maji yamebaki madimbwi, na lile kubwa halizidi ukubwa wa sebule. Usikate tamaa ukikuta hivyo. Masika maji yapo kila mahali na wanyama wametawanyika. Kiangazi kikikaza, wote wanarudi kwenye dimbwi hilo hilo. Tena ni msimu mzuri wa kutazama pori. Mitundu, miti ya pori letu, inachipua majani mapya mekundu, rangi ya shaba iliyosuguliwa, udongo ukiwa mkavu kabisa na tone moja halijadondoka. Ulaya mwezi huu majani yanaanza kuwa mekundu yakielekea kuanguka. Ya kwetu yanazaliwa mekundu, halafu ndiyo yanageuka kijani.

Sasa nieleze nilipokosea, maana siku nne zilipotea hapo.

Niliamua kujenga maficho. Nilikata nyasi, nikafunga fito kwa kamba za magome, nikasuka ukuta wa kufikia kifuani, nikaacha na tundu la kuchungulia. Kazi nzuri, imenyooka kama pindo. Kesho yake nikaingia gizani, nikakaa mpaka saa 3. Njiwa walikuja wakazunguka juu mara mbili, wakaenda zao. Fundichuma alitua upande wa pili, akainamisha kile kichwa chake cha nyundo kutazama kibanda, akaruka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaongeza majani mabichi juu nikidhani naonekana, na hali ikawa mbaya zaidi. Siku ya nne nilichelewa, na nilipofika nikakuta ng'ombe wa wachungaji wameumaliza ukuta wangu. Nyasi zilizofungwa vizuri, pori lote likiwa limeungua, nani angeziacha? Zilibaki fito tu. Niliumia kweli.

Lakini nikiwa nimesimama pale na uchungu wangu, nikaona jambo. Ng'ombe zaidi ya thelathini wanakanyaga maji, vijana wawili wameketi juu ya mzizi wa mkuyu wanapiga soga, na mita chache kutoka kwao njiwa wanakunywa bila wasiwasi wowote.

Jioni nilimsimulia mzee mmoja mrina asali anayepita pale kwenda kwenye mizinga yake. Nilimwamkia, tukakaa. Akasema, "Mwanangu, umewajengea ukuta mpya mlangoni kwao halafu unashangaa hawaingii. Kakae pale kwenye mzizi. Pale wameshazoea mtu."

Akanipa na onyo la pili: nisikae kwenye mchanga wenye unyevu mwisho wa dimbwi, kwa sababu nyuki wake wanachota maji pale jua likipanda. Ushauri wa mtu mmoja anayelijua dimbwi ulishinda wa wale watatu wa mjini.

Ukitaka kufanya hivi, tafuta kwanza pale ambapo watu wa eneo hilo hupumzika. Na fika gizani. Mimi nilikuwa nimekaa saa 11 na nusu, jua likichomoza nimeshakuwa sehemu ya mzizi.

Kulikuwa na taabu moja imebaki: vile vinyuki vidogo visivyouma, vinavyofuata jasho na machozi. Vinaingia jichoni. Kila nikivipunga mkono, dimbwi zima linaruka. Mtoto wa kaka, aliyening'ang'ania siku moja twende wote, aliniuliza, "Shangazi, mbona unalia?" Hapo ndipo ufundi wangu ulinisaidia. Nilichukua kipande cha chandarua kilichochanika, nikakishona mfuko wa kuvaa kichwani mpaka mabegani, shingoni nikatia kamba ya kukazia. Cheupe kile kingeng'aa kama taa, kwa hiyo nikakiloweka usiku kucha kwenye sufuria ya chai ya rangi iliyokolea. Kilitoka rangi ya nyasi kavu hasa. Wifi alinuna kidogo kwa ajili ya majani yake ya chai, nikamnunulia pakiti nyingine. Sijawahi kushona kitu kilichonifurahisha kama kile.

Na uzi. Nilifunga uzi wa pamba kwenye kijiti nikakichomeka mbele yangu, unioneshe upepo unakokwenda. Ndege hawajali harufu yako, ila wanyama wanaijali sana. Sabuni yenye manukato niliiacha tangu siku ya kwanza.

Baada ya hapo nilipata asubuhi sita, na kila moja ilinipa kitu. Nilijua kwa macho yangu kwamba njiwa hanywi kama ndege wengine. Chiriku anachota tone, anainua kichwa literemke kooni, anainama tena, mara nyingi nyingi. Njiwa anazamisha mdomo na kufyonza mfululizo, kama mtu na mrija, amemaliza. Fundichuma alikuwa akitikisa mguu mmoja ndani ya tope kama mimi na kanyagio la cherehani, na kila akitikisa chura mdogo anachomoka, anadakwa. Katikati ya dimbwi kambale walipanda mmoja mmoja: mdomo mpana wenye sharubu unapasua maji, unameza hewa, unazama, viputo vinabaki. Wana kiungo juu ya matamvua cha kupumulia hewa, ndiyo maana wanadumu hata maji yakiwa uji. Juu kwenye mkuyu ninga, wale njiwa wa kijani, walikula kuyu wakiangusha maganda begani kwangu.

Usibebe karanga za maganda, mlio wake unafika mbali. Mimi nilimung'unya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa.

Asubuhi ya mwisho uzi ulikuwa umening'inia wima, hausogei. Kabla jua halijatoka kabisa, kwenye kichaka ng'ambo nikaona kitu nilichodhani ni kivuli, mpaka kilipopeleka sikio upande. Pongo jike, yule swala wa vichakani. Alisimama muda mrefu sana, mguu mmoja wa mbele umekunjwa, madoa meupe ubavuni kama chaki. Kisha akashuka, akainama akanywa, na nilisikia maji yakipita kooni mwake. Akanywa, akainua kichwa, maji yakidondoka kidevuni. Akanywa tena. Nilikuwa nimebana pumzi mpaka kifua kinauma.

Halafu ncha ya uzi ikainuka, ikaelekea kwake.

Alibweka mara moja tu, kwa nguvu, kama mbwa, na kichaka kikafunga nyuma yake. Mawimbi madogo yalikuja mpaka kwenye mzizi wangu, na kambale akapanda kumeza hewa pale pale pongo alipokuwa akinywa.